Athens ya leo kwa siku tatu: mwongozo kamili wa kuona, kuvaa na kula Ugiriki ya sasa

Nakaa Kypseli, mtaa wa Athens wenye Waafrika wengi, na wageni kutoka nyumbani hupita kwangu mara kwa mara. Karibu wote huondoka na mzigo uleule: hekalu dogo la plasta, fulana yenye herufi za Kigiriki, na jicho la bluu la plastiki. Ukiwauliza walikula nini, watakutajia musaka iliyopashwa moto mara mbili, kwenye meza iliyotazama Akropoli, kilima chenye mahekalu ya kale.

Wanakwama kwenye mambo mawili, saa na mtaa. Maduka ya hapa hufunga wakati mgeni ndiyo kwanza ameamka kutoka usingizi wa mchana, na chakula cha chungu huisha kabla hajaona njaa. Vitu vinavyobuniwa sasa navyo vimejificha hatua mia chache kando ya njia ya watalii. Mwongozo huu hauna historia. Una ratiba, na kila hatua ina sababu yake.

## Vitu vya kuandaa

- Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Siku hizi tatu nimezichagua kwa makusudi. Hatua ya 1 inaeleza.
- Viza ya Schengen, kama pasipoti yako ni ya Tanzania, Kenya, Uganda au majirani.
- Kadi ya benki na yuro kidogo taslimu. Kadi inapokelewa karibu kila mahali, ila wauza mboga wa gulioni hupenda sarafu.
- Viatu vyenye soli inayoshika. Njia nyingi za katikati ya mji zimetandikwa marumaru iliyosuguliwa na nyayo, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.
- Begi la kupakia lenye nafasi ya kilo tano, fulana kuukuu tatu, na mifuko ya plastiki ya kufunga chupa.
- Karatasi yenye mchoro wa nyayo zako zote mbili. Simama wima unapochorwa. Utaihitaji kwenye makubadhi.
- Maneno machache ya Kigiriki. Hapa sisi tumebahatika. Sauti za *th*, *dh* na *gh*, ambazo Wazungu wengi huzitafuna, tunazo tayari. Efkharistó ni asante. *Ti ékhi símera?* ni "leo kuna nini?" *Pu ftiákhtike?* ni "kilitengenezwa wapi?"

## Hatua ya 1: Panga siku kwanza, nauli baadaye

Maduka mengi ya Athens hayafungi saa ileile kila siku. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, madogo hufunga kama saa 9 alasiri na hayafungui tena. Jumanne, Alhamisi na Ijumaa hufungua mpaka jioni, ingawa mengine hupumzika mchana katikati. Jumapili mengi hayafungui kabisa, nje ya mitaa ya watalii.

Ungedhani basi Jumanne ni siku nzuri. Lakini Jumanne makumbusho mawili tunayoyahitaji, Benaki na lile la Sanaa ya Cyclades (kundi la visiwa vya Ugiriki), hufungwa. Alhamisi Benaki hukaa wazi mpaka usiku, na Jumamosi asubuhi kuna gulio la mtaa wa Kallidromiou. Ndiyo maana nikasema Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Tahadhari: epuka wiki ya tarehe 15 Agosti. Ni sikukuu kubwa, karakana na vilabu vya chakula vya mitaani hufungwa, wenyewe wakaenda visiwani. Angalia pia Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo miaka mingi haiangukii siku moja na Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti.

Utajua umefaulu ukiwa na jioni mbili za maduka, asubuhi moja ya gulio, na hakuna Jumapili ndani yake.

## Hatua ya 2: Lala karibu na metro

Kutoka uwanja wa ndege, metro ya mstari wa bluu inakufikisha Syntagma, uwanja wa katikati ya mji, kwa takriban dakika 40. Usiku wa manane panda basi X95, ambalo huenda Syntagma usiku na mchana. Tiketi ya metro ya uwanja wa ndege ni tofauti na ile ya kawaida ya mjini, na ukikamatwa na tiketi isiyo sahihi utatozwa faini.

Tafuta chumba kati ya Syntagma, Monastiraki na Panepistimio ili mengi uyafikie kwa miguu. Kwenye metro ya Monastiraki weka pochi mbele, kwa sababu wachomoaji wapo na ni hodari.

## Hatua ya 3: Zoeza macho kabla ya kutoa pesa (Alhamisi)

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo inayowaponza baadaye. Mbunifu wa Kigiriki wa leo huchota kwenye visima vichache: mchongo wa marumaru, taraza la visiwani, mkunjo wa nguo. Usipoviona visima, huwezi kumtofautisha aliyechota na aliyenakili.

Anza na Makumbusho ya Benaki, mwendo wa kama dakika kumi kutoka Syntagma, kwenye kona ya mtaa wa Koumbari. Usijilazimishe kuona kila kitu. Nenda kwenye mavazi ya visiwani na bara, usimame mbele ya taraza hata dakika ishirini. Sisi tuliokua tukiona mama zetu wakichagua kanga kwa kupima pindo na mji, macho yetu yanaelewa haraka: tazama jinsi pindo linavyofunga ua la katikati, na jinsi nyekundu inavyorudiwa bila kuchosha.

Kisha vuka uende Makumbusho ya Sanaa ya Cyclades, si mbali. Humo mna vinyago vya marumaru vya zaidi ya miaka elfu nne, mikono imekunjwa kifuani, uso hauna chochote ila pua. Ukivitazama vizuri utaanza kuviona kila mahali mjini, kwenye hereni na vinara vya mishumaa.

Maliza kwenye maduka ya makumbusho yenyewe, kwa sababu huuza kazi za wabunifu wa sasa na bei zimeandikwa. Usinunue bado. Andika bei tatu kwenye simu: bakuli la udongo, hereni, na skafu. Hizo ndizo mizani yako ya kesho.

Jioni tembea Kolonaki, mtaa wa jirani. Ingia Zeus+Dione, nyumba ya mitindo iliyoanzishwa 2012, ambayo imetumia hariri ya Soufli, mji wa kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Uturuki uliojulikana kwa viwanda vya hariri. Bei zake zinaweza kukutoa jasho. Omba tu kushika kitambaa, kwa heshima, na hakuna atakayekukatalia. Vidole vikishajua hariri nzito ilivyo, polista inayojifanya hariri haitakudanganya tena.

Utajua umefaulu ukiona skafu dirishani na ukaweza kusema, "hili ni pindo la taraza nililoliona jana."

## Hatua ya 4: Makubadhi (Ijumaa jioni)

Kama utanunua kitu kimoja tu cha kuvaa, nunua makubadhi ya ngozi. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa uzuri wa ngozi iliyoshonwa kwa mkono, na Wagiriki wameirudisha kazi hii kwa nguvu. Ancient Greek Sandals, iliyoanzishwa 2012 na Christina Martini na Nikolas Minoglou, ina duka mtaa wa Kolokotroni, na viatu vyake hutengenezwa Ugiriki kwa mkono. Jozi nyingi huzidi yuro 100. Karakana ndogo za kuelekea Monastiraki na Psyrri huuza kwa bei ya chini, na nyingine hukufungia mikanda mguuni ukiwa umekaa.

Lakini huko ndiko nilikoliwa. Jozi yangu ya kwanza niliinunua kwenye kichochoro, muuzaji akaapa ni ngozi tupu. Wiki ya tatu soli ikafunguka kama maganda ya kitunguu, na ndani nikakuta karatasi iliyoshindiliwa. Tangu siku hiyo sinunui bila kupima mambo haya manne:

1. Nusa. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hunukia kama mbao na udongo. Harufu ya gundi au ya mpira wa gari, rudisha.
2. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi. Ukingo laini uliopakwa rangi nzito unaficha kitu.
3. Kunja soli. Ngozi hukunjamana kidogo kisha hurudi. Plastiki hubaki na mstari mweupe.
4. Angalia mkanda unapoingia kwenye soli. Unatakiwa kupita kwenye tundu, ufungwe kwa msumari au mshono. Uliobandikwa kwa gundi pekee hautamaliza msimu.

Sasa toa karatasi yenye mchoro wa nyayo, weka kiatu juu yake. Kisigino kisizidi mstari. Chukua jozi inayobana kidogo kwenye mikanda, maana ngozi italegea ndani ya siku chache. Ikikaa vizuri mno dukani, itapwaya nyumbani.

Tahadhari: ngozi yenye rangi ya asili, ya kahawia hafifu, hushika kila tone la maji. Usiivae kwenye mvua wiki ya kwanza. Itaiva yenyewe kwa jua na kuwa nyeusi kiasi, na huo ndio uzuri wake.

## Hatua ya 5: Vyombo vya nyumbani

Sehemu hii ni fupi. Kwenye mtaa wa Adrianou, katikati ya utalii wote wa Plaka, kuna duka liitwalo Forget Me Not linalouza kazi za wabunifu wa Kigiriki. Duka la Benaki nalo umeshaliona.

Popote utakapokuwa, pindua bakuli. Chombo cha mfinyanzi kwa kawaida huwa na kisigino kisichopakwa mng'ao, alama ya mkono au jina lililochorwa, na vyombo viwili vya aina moja havilingani kabisa. Vikiwa vimelingana kama sarafu, ni vya kiwandani. Si dhambi kuvinunua, ila usilipe bei ya mkono. Neno la kutafuta kwenye lebo ni ΧΕΙΡΟΠΟΙΗΤΟ, hiropíito, yaani "kimetengenezwa kwa mkono".

Usiguse wala kununua kipande chochote cha kale, hata jiwe la njiani. Kutoa vitu vya kale nchini bila kibali ni kosa la jinai.

## Hatua ya 6: Kula mchana kama mwenyeji (Ijumaa)

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo Ugiriki ya kweli ilipo.

Asubuhi: kuluri na kahawa. Kuluri ni mkate wa mviringo uliojaa ufuta, unauzwa kwenye vigari vya barabarani. Kahawa wanayokunywa vijana ni fredo espreso: espreso inapigwa na barafu mpaka itoe povu, na mtu mmoja huikalia saa mbili. Ukitaka iliyo karibu na kahawa ya vibarazani kwetu, agiza elinikó, inayochemshwa na unga wake kwenye kibirika kidogo. Lazima useme sukari mapema, maana hupikwa pamoja: *skéto* bila sukari, *métrio* ya wastani, *ghlikó* tamu. Acha machicha chini ya kikombe.

Saa 4: soko la Varvakios, mtaa wa Athinas. Pita kwenye samaki na nyama, kisha ingia mtaa wa Evripidou, wenye maduka ya viungo. Hufungwa Jumapili.

Saa 7 mpaka saa 9 mchana: mayirio. Tafuta kibao cha ΜΑΓΕΙΡΕΙΟ. Ni mgahawa wa vyakula vya sufuria, vilivyopikwa asubuhi na kupangwa kwenye masinia nyuma ya kioo. Usisubiri menyu. Sogea kwenye kioo, uliza *ti ékhi símera*, onyesha kwa kidole. Kuchelewa kuna gharama: vizuri huisha saa 9, na kinachobaki usiku ni mabaki.

Agiza *ladherá*, mboga zilizopikwa polepole kwenye mafuta ya zeituni na nyanya. Kuna *bámies*, ambayo ni bamia yetu, jina na mboga. Kuna maharage mabichi ya maganda. Kuna *yemistá*, nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali. Kiangazi omba *vlíta*, nawe utakutana na mchicha, umechemshwa tu na kumwagiwa mafuta na ndimu. Mgeni wangu mmoja kutoka Morogoro aliuonja akanyamaza, kisha akaagiza sahani ya pili.

Mambo mawili huwachanganya wageni. Chakula hiki huletwa vuguvugu, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa, usikirudishe jikoni. Na kitaelea kwenye mafuta. Mafuta hayo ndiyo mchuzi, yachovye kwa mkate.

Tahadhari kwa wasiokula nguruwe: suvlaki inafanana na mishkaki yetu, lakini mara nyingi nyama yake ya kawaida ni nguruwe, na yiro (nyama ya kuchoma kwenye mti unaozunguka) vilevile. Nguruwe ni *hirinó*, kuku ni *kotópulo*. Ukiwa na shaka, uliza kama chakula ni *nistísimo*, yaani cha mfungo wa Waorthodoksi: hakina nyama, maziwa wala mayai, ingawa kinaweza kuwa na pweza au kamba. Mboga nyingi za ladherá huangukia humo.

Saa 11 jioni: kaimati. Nenda Krinos, mtaa wa Aiolou, wanaokaanga *lukumádhes* tangu 1923. Ni kaimati zilezile: jina lao na letu yote yametoka kwenye neno la Kiarabu la tonge. Tofauti ni asali na mdalasini badala ya shira ya iliki. Kula zikiwa moto, palepale.

Utajua umefaulu ukilipa mchana, ukiwa umeshiba, pungufu ya bei ya chakula kimoja kwenye meza za Plaka.

## Hatua ya 7: Meza ya usiku

Kizazi kipya cha wapishi wa Athens kimechukua taverna (mgahawa wa kienyeji) ya bibi zao, kikapunguza menyu, na kukazia mkulima na mfugaji aliyeleta kila kitu. Mfano ni Seychelles, kwenye uwanja wa Avdi mtaani Metaxourgeio, ambayo haina uhusiano wowote na Shelisheli.

Weka nafasi siku kadhaa kabla. Fika saa 3 usiku au baadaye. Saa 1 utakula peke yako na wahudumu. Agiza sahani tatu au nne za katikati kwa watu wawili, kila mtu achote, kama sinia la kwetu. Anayeagiza sahani yake peke yake ataonja kitu kimoja na kukosa vingine vyote.

Mkate ukiletwa bila kuuagiza, mara nyingi utatozwa kiasi kidogo. Huo ni utaratibu wa hapa. Lakini risiti ni haki yako: sheria ya Ugiriki inasema mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti, na maneno hayo huchapishwa kwenye menyu.

## Hatua ya 8: Gulio, kisha bahari (Jumamosi)

Panda Exarchia, mtaa wa Kallidromiou, kabla ya saa 5 asubuhi. Ni *laikí*, gulio la wiki la mtaa mzima. Onja zeituni kabla ya kununua. Muuzaji atakunyooshea mwenyewe. Nunua oregano iliyofungwa shada na asali ya *thimári*, ua la thaimu.

Mchana, ukiwa na nguvu, chukua basi la bure kutoka Syntagma hadi Kituo cha Utamaduni cha Stavros Niarchos, kilichosanifiwa na Renzo Piano. Ndani yake kuna Maktaba ya Taifa na Opera ya Taifa, na paa lake ni bustani inayopanda kama kilima. Kuingia ni bure. Kaa juu mpaka jua lizame upande wa bahari.

## Hatua ya 9: Kununua na kufunga chakula cha nyumbani

Mafuta ya zeituni. Chukua kopo la bati au chupa ya giza, kwa kuwa mwanga huyaua mafuta. Lebo iseme ΕΞΑΙΡΕΤΙΚΟ ΠΑΡΘΕΝΟ, mafuta ya daraja la juu, na ioneshe mwaka wa mavuno. Alama ΠΟΠ ina maana eneo la asili limelindwa kisheria. Ukipata kuonja, meza kidogo: mafuta mapya hukwaruza koo kama pilipili. Ukikohoa, nunua.

Feta. Tangu 2002 jina la jibini hili katika Umoja wa Ulaya ni la Ugiriki pekee. Ni maziwa ya kondoo, na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Ikitajwa ya ng'ombe, si feta. Omba ikatwe kutoka kwenye pipa na ifungwe bila hewa.

Mastiha. Ni utomvu unaovunwa kusini mwa kisiwa cha Chios, wenye harufu ya msonobari na ubani. Punje chache zilizotwangwa na sukari hugeuza uji wa mchele kuwa kitu kingine.

Mafuta, asali, na hata feta yenye maji yake ni vimiminika, hivyo haviruhusiwi kwenye begi la mkononi vikizidi mililita 100. Funga kila kimoja kwenye mifuko miwili, kiviringe kwa fulana kuukuu, kiweke katikati ya begi la kupakia. Kagua kwanza kama nchi unayokwenda inaruhusu jibini na asali.

Kama unaishi nje ya Umoja wa Ulaya na ununuzi wako kwenye duka moja umezidi yuro 50, omba fomu ya kurudishiwa kodi, huku umeshika pasipoti. Uwanjani pita forodha *kabla* ya kukabidhi begi, kwa sababu ofisa anaweza kutaka kuona mali. Makubadhi yakae juu kabisa.

Nyumbani, weka mafuta kabatini mbali na jiko. Ukishafungua, yamalize ndani ya miezi miwili mitatu. Wengi huyaficha wakisubiri wageni, na wageni wakifika huwa yameshachacha. Yamwage juu ya mchicha wa leo.